Ukingo wa bwawa la kuogelea umechakaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye mabwawa ya zamani ya Dar es Salaam: nyumba za Oysterbay na Upanga, hoteli ndogo za Mbezi Beach na Kigamboni, shule zenye bwawa ambalo halijaguswa tangu enzi za mwalimu mkuu aliyestaafu. Maswali tumeyaandika jinsi yanavyotufikia kwa simu na WhatsApp. Majibu yana msimamo wetu, nao ni huu: mara nyingi mawe ya ukingo hayana kosa. Kosa ni la maji yanayopenya nyuma yake. Ukibadilisha mawe bila kuyazuia maji hayo, umenunua mawe mengine ya kung'oka.

Ukingo mnaouzungumzia ni sehemu gani hasa?

Ni safu ya mawe, vigae au zege inayofunika kichwa cha ukuta wa bwawa, pale unapokaa ukitumbukiza miguu. Mafundi wengi huiita kopingi. Chini yake kuna mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka bwawa zima, na huo ndio unaobeba kila kitu. Upande wa nje kuna sakafu ya kutembelea. Kati ya ukingo na sakafu panatakiwa kuwe na mwanya wa kama milimita 10 hadi 12, uliojazwa kitu laini kinachonyumbulika. Katika mabwawa ya zamani mwanya huo ama haukuwekwa kabisa, ama ulizibwa kwa simenti na mtu aliyedhani ni ufa. Huo mwanya tutaurudia sana humu, kwa hiyo uzoee mapema.

Jiwe moja tu linacheza. Siwezi kulibandika nikaendelea na shughuli zangu?

Unaweza, kama kweli ni moja. Ling'oe lote. Usimimine uji wa simenti pembeni ukitumaini utajipenyeza chini, kwa sababu utashika vumbi, hautashika jiwe. Kwangua mota yote ya zamani mpaka uone zege safi, fanya hivyo hivyo kwa mgongo wa jiwe, lowanisha pande zote mbili, kisha lilaze kwenye mota mpya inayojaa chini yake kote. Kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye mkono mzuri.

Ila wenye mabwawa wakisema "moja tu" huwa wanamaanisha lile walilojikwaa. Soma swali linalofuata kwanza.

Nitajuaje ni mawe mangapi yameachia?

Yagonge. Chukua nyundo, ishike kichwa, utumie mpini wa mbao. Zunguka bwawa asubuhi mapema kabla kelele za barabarani hazijaanza, na kila jiwe ligonge mara tatu: katikati na kwenye ncha zote mbili. Lililoshika hutoa mlio mfupi, mkavu. Lililoachia hulia kama debe tupu. Ncha moja ikilia wazi na nyingine ikilia vizuri, hesabu jiwe hilo kuwa limeachia, maana maji yameshapata mlango. Weka alama kwa chaki. Ukimaliza mzunguko utaona kitu ambacho jicho halikuona: alama zimejikusanya mahali, hazikutawanyika ovyo, na mahali hapo ndipo penye kisa.

Kisha lala kifudifudi, uchungulie chini ya midomo ya mawe, pale vigae vya mstari wa maji vinapoishia. Ukiona weupe wa chokaa unaochuruzika, maji yanapita ndani ya mota na kutoka na chokaa yake. Ukiona madoa ya rangi ya kutu, nondo za mkanda zimeanza kuumwa. Na ukiona ufa wa mlalo unaofuatana na ukingo kwa mita kadhaa, sakafu ya nje inausukuma ukingo kuelekea majini. Huo wa mwisho ndio tunaoukuta zaidi.

Mbona umeachia upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la mchana?

Kwa sababu sakafu ya upande huo ndiyo inayotanuka zaidi. Zege na vigae hurefuka vikipata joto. Sakafu yenye upana wa mita 10, ikipanda kutoka nyuzi 25 alfajiri hadi 55 saa nane mchana, inatanuka takriban milimita 3. Milimita 3 ni unene wa sarafu mbili hivi, mtu anaweza kuzidharau, lakini zege halibonyei. Likikosa nafasi ya kutanukia linasukuma kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni jiwe la ukingo lililoshikiliwa kwa sentimita chache za mota. Usiku linarudi nyuma na kuacha nafasi nyembamba kama unywele. Mvua inaingia humo, maji yanayomwagwa na waogeleaji yanaingia humo, na vumbi la mchanga linaingia humo na kukaa, hivyo kesho yake sakafu ikitanuka nafasi ni ndogo kuliko jana. Mchezo huo ukiendelea misimu kadhaa, jiwe linang'oka hata kama lilijengwa na fundi bora wa zama zake.

Ndiyo maana tunausisitiza ule mwanya. Ndio unaomeza hizo milimita.

Fundi wangu anasema ataujaza kwa simenti ili uchafu usiingie. Sawa?

Hapana. Mwambie kwa adabu, lakini hapana. Simenti ikikauka inakuwa sehemu ya sakafu, na kusukumana kunaanza upya siku hiyo hiyo. Grauti ya vigae nayo ni simenti iliyotiwa rangi. Mwanya huu unajazwa kitu kinachonyumbulika, na namna yake tumeieleza mbele.

Maji ya bwawa yanapungua. Ni ukingo unaovujisha?

Huenda. Kwanza tenga mvuke na uvujaji. Jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa hivi kwamba maji ya ndani ya ndoo na ya bwawa yalingane, weka alama mbili, zima pampu, subiri saa 24. Vikishuka sawa, ni jua na upepo tu, na wakati wa kaskazi upepo huo unakunywa vizuri. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, kuna mahali panavuja. Acha lishuke lenyewe uone linasimama wapi. Likisimama kwenye usawa wa vigae vya juu au mdomo wa skima (kile kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu), tafuta huko huko juu, na ukingo unaingia kwenye orodha ya washukiwa. Likiendelea kushuka chini ya hapo, ukingo hauhusiki. Ita fundi wa mabomba.

Nimeona kutu. Ni hatari kiasi gani?

Hapa tusitaniane. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Sisi wa pwani tuna mizigo miwili: hewa ya bahari yenye chumvi, na majengo ya zamani ambayo baadhi yake yalichanganywa mchanga wa ufukweni. Chumvi ikishafika kwenye nondo, kupaka plasta juu ni kufunika moto kwa kanga.

Matibabu yake ni haya. Mawe ya sehemu hiyo yanatolewa. Zege bovu linavunjwa mpaka nondo ionekane kote, na nyuma yake pabaki nafasi ya sentimita 2 hivi ili zege jipya liizunguke. Endelea kufuata nondo pande zote mbili mpaka uifikie iliyo safi. Fundi anayeishia pale kutu inapopungua kidogo atarudi tena mahali hapo hapo. Nondo inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, inapakwa dawa ya kuzuia kutu, na kama imepoteza zaidi ya robo ya eneo la mkato wake, inaongezwa mpya pembeni. Nondo ya milimita 12 ipishane na ya zamani kwa karibu nusu mita kila upande. Kisha linamiminwa zege zito lenye simenti ya daraja la 42.5 na kokoto ndogo ngumu, zile za Lugoba kwa mfano, na nondo ifunikwe kwa sentimita 5. Ukingo haurudishwi mpaka mkanda upone.

Kutu ikionekana kila mita chache kuzunguka bwawa zima, usianze na fundi wa vigae. Mtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa aje aone, hata kama utamlipa ada ya kuja tu.

Lazima nimwage maji yote?

La, na tunakuomba usimwage. Kwa kazi ya ukingo inatosha kushusha maji sentimita 20 hadi 30, chini ya mstari wa vigae, fundi apate pa kufanyia kazi.

Sababu si kubana matumizi ya maji peke yake, ingawa nayo ipo: bwawa la mita 10 kwa 5 ukilishusha sentimita 20 umetoa lita 10,000, yaani boza zima la maji, na ukilimwaga lote lenye kina cha wastani cha mita 1.5 ni lita 75,000 za kurudisha. Sababu kubwa ni maji ya ardhini. Sehemu za bondeni kama Msasani Bonde la Mpunga, na baadhi ya mitaa ya Mikocheni, masika ikishika ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Bwawa lililojaa lina uzito wa kuyakandamiza. Bwawa tupu linakuwa mtumbwi wa zege: maji ya chini yanalisukuma juu, linapasuka sakafu au linanyanyuka zima zima, mabomba yakikatika nalo. Ukarabati wa ukingo hapo umegeuka kuwa ujenzi wa bwawa jipya. Ikilazimu kulimwaga kwa sababu nyingine, fanya kiangazi, chimba kwanza shimo la kupimia pembeni, na hakikisha valvu ya kupunguza msukumo iliyoko chini ya bwawa, kama ipo, inafanya kazi.

Miezi gani inafaa?

Juni hadi Septemba. Masika imepita, vuli haijaja, na jua limepungua ukali. Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa kusi, unaokausha mota kabla haijashika, kwa hiyo magunia mabichi yawe karibu. Januari na Februari unaweza, kwa sharti kwamba mawe yalazwe asubuhi na jioni tu. Machi hadi Mei usianze.

Nichague mawe gani?

Swali hili watu huliuliza kwanza, sisi tumeliweka hapa makusudi. Ukingo ni mahali pabaya pa kuishi kwa jiwe: juu jua, chini maji, pembeni klorini, na ukiwa Masaki au Kigamboni, chumvi ya bahari inapeperushwa juu yake mwaka mzima.

Vipande vya zege vilivyotengenezwa kwenye kalibu ndivyo tunavyovipendekeza kwa mabwawa mengi. Vinatengenezwa hapa hapa mjini, vinaweza kufuata mikunjo ya bwawa lenye umbo la maharage, na kimoja kikivunjika miaka 6 baadaye, kingine kama hicho kinapatikana. Angalia upande wa chini: paliponyooka kama sakafu bila kijifereji cha kudondoshea maji karibu na mdomo, maji yatatambaa chini ya kipande hadi kwenye mota. Kijifereji hicho kinachorwa kwenye kalibu bila gharama ya ziada, na bado wengi hukisahau.

Terazo ya zamani, ile yenye vipande vya marumaru ndani yake, usiivunje haraka. Mara nyingi ni nzuri kuliko chochote utakachoweka badala yake. Ikiwa imechubuka tu juu, inaweza kusagwa na kuzibwa vitobo. Isisagwe ikawa kioo, kwa sababu mtu mwenye miguu yenye maji atateleza.

Mawe ya matumbawe yanapendeza, yanakaa baridi miguuni, na pwani yetu imejengewa kwayo karne nyingi. Lakini yana vitobo. Bwawa linalotumia mtambo wa chumvi, ule unaotengeneza klorini kutokana na chumvi, lina chumvi ya takriban gramu 3 hadi 4 kwa lita. Maji hayo yakirukia jiwe, yanaingia kwenye vitobo, yanakauka, chumvi inaganda kuwa fuwele na kumega jiwe punje kwa punje. Ukiona unga mweupe chini ya ukingo kila asubuhi, ndio huo. Kama unayapenda, chagua yaliyo mazito, yapake dawa ya kuzuia maji inayopenya ndani bila kuweka ngozi juu, na urudie kila dawa inapoisha. Na usiruhusu mtu ayasafishe kwa asidi. Matumbawe ni chokaa. Asidi inayala huku ukitazama povu.

Granite ni ngumu na haijali chumvi. Nyeusi iachie makaburi na kaunta za jikoni: saa nane mchana mtoto hawezi kuikanyaga. Chukua ya kijivu hafifu, uso uwe umechomwa au kukwaruzwa, usiwe wa kung'aa.

Vigae vyenye mdomo wa mviringo vinafaa bwawa la mistari iliyonyooka. Muulize muuzaji daraja la kuteleza kwa miguu peku yenye maji. Kipimo cha Kijerumani kina A, B na C. Kwa ukingo omba C. Muuzaji asiyejua unazungumzia nini amekujibu tayari.

Naweza kulaza vigae vipya juu ya ukingo wa zamani nikaokoa gharama ya kuvunja?

Kama kila jiwe la zamani limelia vizuri ulipoligonga, na skima bado itafanya kazi kwa usawa mpya, na sakafu haitabaki chini ikaleta ngazi ya kujikwaa, na mwanya utakatwa kupita tabaka zote mbili. Kwa maneno mengine, karibu kila mara jibu ni hapana.

Mchanga wa baharini upo nyuma ya nyumba yangu. Si mchanga tu?

Una chumvi. Tumia wa mtoni. Hata huo ujaribu: jaza chupa ya plastiki angavu nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la pekee. Likizidi asilimia 8 hivi ya mchanga ulio chini yake, uoshe au umrudishie aliyekuletea.

Kazi yenyewe inakwendaje, ili nijue ninachokisimamia?

Siku ya kwanza hakuna kinachojengwa. Maji yanashushwa, skima inazibwa kwa kitambaa na mbao ili vipande vya zege visiende kwenye pampu, na turubai linatandazwa ukutani kwa ndani kudaka kifusi. Kisha fundi anakata kwa grainda: mstari mmoja kati ya ukingo na sakafu, na mwingine chini ya ukingo juu tu ya vigae vya mstari wa maji. Mikato hii miwili ndiyo inayotenganisha fundi na mbomoaji. Bila mikato, kila pigo la tindo linasafiri hadi kwenye vigae na sakafu, na unajikuta unalipia vitu ambavyo havikuwa vibovu. Wavae barakoa za vumbi. Vumbi la zege na granite linaharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii.

Baada ya mawe kutoka, mkanda unaoshwa kwa maji ya presha na kukaguliwa kwa mwanga wa kutosha. Mwambie fundi asiendelee kabla hujauona mwenyewe. Piga picha. Hapo ndipo bei inapobadilika, na mwenye picha habishani sana.

Kusawazisha ni rahisi bwawani kuliko kwingine, kwa sababu maji yenyewe ni pimamaji. Pima kutoka uso wa maji hadi juu ya mkanda kila mita moja, pampu ikiwa imezimwa. Bwawa la zamani likiwa limezama kona moja utaliona hapo. Tofauti ya sentimita moja au mbili inafichwa ndani ya mota. Ikizidi hapo, rudi kwa mhandisi.

Mkanda unapakwa dawa ya simenti ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukikatisha wa kwanza. Ukikauka, mawe yanapangwa makavu kuzunguka bwawa zima kabla hata ndoo ya mota haijachanganywa. Anza kwenye kona na mikunjo, vipande vya kukatwa vipeleke upande wa chumba cha pampu ambako hakuna anayekaa. Mdomo wa ukingo utokeze mbele ya ukuta, kuelekea bwawani, sentimita 2.5 hadi 5. Mota ni simenti kwa mchanga 1 kwa 3 au 1 kwa 4, ngumu kiasi cha kusimama ikifinyangwa, na chini yake upakwe uji wa simenti uliochanganywa na mpira wa maji wa kushikisha, ule unaouzwa kwa jina la SBR. Mota ijae chini ya jiwe lote. Ukimwona fundi anaweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, msimamishe: hayo mapengo ndiyo vyumba vya maji. Jiwe linagongwa kwa nyundo ya mpira mpaka likae usawa wa kamba, likiinama kidogo sana kuelekea nje ili maji machafu yasirudi bwawani. Sakafu nayo iwe inashuka kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita.

Nafasi kati ya jiwe na jiwe, milimita 5 hadi 8, hizo ndizo zinazojazwa grauti. Kisha magunia mabichi kwa siku 7. Mlinzi akikubali kuyamwagia asubuhi, mchana na jioni, mlipe kitu kidogo. Atafanya zaidi kwa ubora wa kazi yako kuliko gunia la ziada la simenti.

Na ule mwanya unajazwaje?

Kwanza usafi. Mwanya uwe mtupu hadi chini ya unene wa ukingo, bila kipande cha mota kilichoanguka, kwa sababu kipande kimoja cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha kuwa daraja la kusukumia. Uwe mkavu kabisa. Kisha unasukumwa ndani kamba ya sponji ya mviringo, nene kuliko mwanya kwa robo hivi ili ijibane yenyewe. Mwanya wa milimita 12 unataka kamba ya 15. Isukume kwa kipande cha mbao kisicho na ncha; ikitobolewa hutoa mapovu kwenye dawa laini ya kuzibia itakayowekwa juu yake. Kamba hiyo ina kazi mbili: inapunguza kina, na inazuia dawa isishike chini. Dawa ikishika pande mbili tu inavutika na kurudi. Ikishika na chini pia, inachanika.

Juu ya kamba inawekwa dawa ya poliurethani au polisulfaidi, ile ambayo lebo yake inasema inafaa kwa mabwawa ya kuogelea. Kina chake kiwe nusu ya upana, yaani mwanya wa 12 dawa 6. Bandika mkanda wa karatasi pande zote mbili, jaza kwa bunduki bila kukatisha, lainisha kwa kijiko kilicholowa maji ya sabuni, toa karatasi kabla haijashika. Nyunyiza mchanga mkavu juu yake ikiwa bado mbichi kama hupendi ule ung'avu wa mpira. Silikoni ya madirishani, inayonuka siki, usiitumie: asidi yake haipatani na simenti wala na mawe ya chokaa, na baada ya muda inachomoka nzima nzima.

Dawa hii haidumu milele, jua letu linaila. Ikague kila mwaka kabla ya masika. Kuibadilisha ni kazi ndogo, na ndiyo pekee itakayokuepusha na nyingine zote zilizoandikwa hapa.

Bwawa letu ni la shule, mita 25, tunaandaa mashindano. Kuna la kuangalia?

Lipo. Pima urefu kabla na baada, kwenye kila mstari wa kuogelea. Kanuni za mashindano zinavumilia bwawa lizidi kidogo, hazivumilii lipungue hata kidogo. Ukingo mpya ukichomoza kwenye kuta za mwisho, au plasta ikiongezwa sentimita mbili kila upande, mmepoteza mita 25 zenu na muda wa watoto hautambuliki. Kwenye kuta hizo mbili ukingo uishie usawa wa ukuta, na uwe na mahali pa kushika vizuri kwa anayeogelea chali.

Kuna mwarobaini mkubwa mita tatu kutoka bwawani. Unahusika?

Kama ukingo umenyanyuka badala ya kuachia tu, ndiyo, mtazame huyo. Chimba mtaro mwembamba kati ya mti na sakafu uone mizizi. Kuikata ya upande mmoja na kuweka kizuizi kunawezekana, ila mti mkubwa uliokatwa mizizi ya upande mmoja unaweza kuanguka kwa kusi. Pata mtu wa miti kwanza. Kivuli chake utakikumbuka ukiukata.

Ngazi ya chuma na taa zimejengewa humo humo ukingoni. Nifanyeje?

Mwite fundi umeme kabla ya tindo, si baada. Umeme wa taa na pampu uzimwe kwenye swichi kubwa, na grainda ichomekwe kwenye njia yenye kikata umeme cha miliampea 30. Soketi za ngazi zikiwa na kutu zitolewe zote sasa, na waya wa ethi (ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini) uliofungwa humo urudishwe. Wengi huukata wakidhani ni mabaki ya binding waya.

Itanigharimu kiasi gani?

Hatutaji bei humu kwa sababu simenti haikai bei moja. Tunakufundisha kuhesabu. Bwawa la 10 kwa 5 lina mzunguko wa mita 30. Vipande vya sentimita 60 ni 50, ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, hesabu kona pembeni. Mwambie fundi akupe bei kwa mita, na mistari iliyotengana: kuvunja, kubeba kifusi (uliza kirikuu itakwenda safari ngapi na itamwaga wapi, isije ikamwaga mtaroni kwa jirani), kutengeneza mkanda kwa kila mita itakayokutwa mbovu, mawe, kulaza, na mwanya. Nukuu isiyo na mstari wa mwanya irudishe. Fundi aliyeusahau kwenye karatasi atausahau na kwenye kazi.

Usilipe yote mwanzo. Bakiza sehemu mpaka mwanya ujazwe na kukaguliwa, maana hiyo ndiyo kazi ya mwisho, na kila mtu huwa anataka kuwahi daladala.

Mimi ni mpangaji. Nani analipa?

Soma mkataba. Ukiwa kimya, kumbuka kwamba mkanda wa zege ni sehemu ya jengo na kusafisha maji ni matumizi. Anza mazungumzo hapo, kwa maandishi, ukiwa na picha za ule mkusanyiko wa alama za chaki.

Tutaogelea lini?

Maji yanaweza kurudishwa usawa wake baada ya siku 7 za magunia, dawa ya mwanya ikiwa imekauka kama lebo inavyosema. Kama mlimimina zege jipya kwenye mkanda, nguvu yake kamili inahesabiwa siku 28, kwa hiyo watoto wasirukie kutoka ukingoni mpaka hapo. Mota mpya hupandisha pH, kwa hiyo pima kila siku kwa wiki mbili na uirudishe kati ya 7.2 na 7.8, klorini ikiwa miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Vumbi la grauti litakalotua chini livutwe kwa vakyumu na maji yake yatolewe nje moja kwa moja, yasipite kwenye chujio, la sivyo mchanga wa chujio utageuka jiwe.